Bi Pimbi na Wachezeshaji Wawili

Hapo zamani za kale, kale ile ambayo wanyama walikuwa na nyumba zao, majiko yao na timu zao za taifa za mpira wa kikapu, alikuwako mama mmoja akiitwa Bi Pimbi. Mnamjua pimbi? Yule mdogo wa majabalini, mnene mnene, mkia hana. Haya, wewe unayecheka hapo nyuma, cheka umalize, maana huyo huyo ndiye aliyekuwa kocha wa timu ya taifa ya Mbugani. Siku za mechi alisimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, ndipo auone uwanja.

Mwaka wa mafuriko, Bi Pimbi alikuwa ananyonyesha. Maji yalikuja kwa kishindo, yakaondoka na nyumba, yakaondoka na mtoto. Yalipopungua, Bi Pimbi akakuta juu ya jabali vitoto viwili vinalia, kimoja cha chui, kimoja cha nyani. Hakuuliza vya nani. Alikaa chini akavipa ziwa, huyu huku, huyu huku, na yeye mwenyewe machozi yanamtoka.

Majirani wakaja juu. "We Bi Pimbi, una akili kweli? Huyo ni chui! Akikua atakufanya kitafunwa!"

"Akikua ataniita mama," akajibu Bi Pimbi, na mlango wa kibanda chake kipya akaufunga.

Na kweli walikua, wakamwita mama. Wakacheza pamoja, wakaumwa surua pamoja, wakachapwa pamoja. Kisha kila mmoja akapata timu yake. Chui akaenda kuchezea Majabalini, Nyani akaenda kuchezea Mitini. Kule kila mmoja alikuwa mchezeshaji, yaani yule anayeutoa mpira nyuma, anaudunda du! du! du! mpaka mbele, anaamua apewe nani au afunge mwenyewe. Mpira ulikuwa wake kutoka firimbi ya kwanza hadi ya mwisho. Wakawa nyota, majina yao yakaimbwa hata na kasuku.

Basi walipoitwa timu ya taifa, nchi nzima ikapiga vigelegele. Tunaye Chui, tunaye Nyani, nani atatuweza?

Loo! Kumbe balaa ndio linaanza.

Chui akishika mpira, hautoki. Nyani anasimama mkono kiunoni, anatazama mawingu. Nyani akishika mpira, hautoki, anautupa mwenyewe kutoka mbali, anakosa. Chui anakaa pembeni ya uwanja anapiga miayo, aaah, meno yote nje. Siku ya nusu fainali walinyang'anyana wao kwa wao, timu moja, jezi rangi moja! Huyu anavuta, yule anavuta, mpira ukawachomoka, puu! ukamwangukia bibi mmoja kwenye kapu lake la mihogo. Mechi ile walishinda kwa bahati tu, na Bi Pimbi alijua ni bahati.

Twiga, aliyekuwa mrefu kuliko wote na kazi yake ni kusimama chini ya kikapu, akamjia kocha amenuna.

"Bi Pimbi, mimi tangu michuano ianze mpira nimeugusa mara moja. Na hapo ulinigonga pua tu."

"Vumilia, mwanangu."

"Shingo yote hii, Bi Pimbi! Shingo yote hii ya nini?"

Nyumbani ndiko kulikokuwa kubaya zaidi. Vijana wale walikuwa hawasemeshani. Ikifika saa ya kula, Chui anasema, "Mama, mwambie huyo anisogezee pilipili." Na Nyani anasema, "Mama, mwambie huyo pilipili iko mbele ya pua yake." Bi Pimbi anakula katikati yao, na pilipili anaisogeza yeye.

Ikabaki siku moja tu kabla ya fainali, Mbugani na Bondeni. Jioni ile Bwana Simba, mwenyekiti wa michezo, akaja mazoezini. Akatazama, manyoya ya shingo yakimsimama. Akamwita Bi Pimbi kando.

"Shikamoo, Bwana Simba."

"Marahaba. Bi Pimbi, mimi si mtu wa maneno mengi. Mpira ni mmoja na wanaoutaka ni wawili. Mmoja abaki, mwingine arudi kwao."

"Kwao ni kwangu, Bwana Simba."

"Basi arudi kwako! Unamtoa nani?"

Bi Pimbi alijua kabisa kwamba kijana atakayetolewa mbele ya nchi nzima kwa ajili ya mwenzake hatakaa tena nyumba moja na mwenzake. Hatakaa naye hata nchi moja. Angepoteza mtoto, naye alikwisha kupoteza mmoja.

"Nipe fainali, Bwana Simba. Wacheze wote wawili."

"Na mkishindwa?"

"Tukishindwa nitamtaja mmoja mwenyewe."

"Hadharani?"

"Hadharani, kwa mdomo wangu huu."

Simba akanguruma kidogo, ngrrr, akaenda zake. Bi Pimbi akabaki amesimama. Ametoa ahadi, na ahadi kwa Simba hairudishwi.

Asubuhi ya fainali akawa jikoni anakaanga vitumbua, vijana wamekaa kila mmoja na ukuta wake. Moshi ukampalia. Kho! Kho! Kho! Akakohoa mpaka akashika nguzo.

Basi wale wawili wakaruka kwa pamoja kwenda mtungini. Chui akashika kata, Nyani akashika kikombe. Hakuna aliyemnyang'anya mwenzake. Chui akachota, akamimina kwenye kikombe cha Nyani, Nyani akampelekea mama, Chui akampigapiga mgongo. Hata hawakugundua kwamba wamefanya kazi moja. Mama alipopumua, kila mtu akarudi kwenye ukuta wake.

Lakini Bi Pimbi aliona! Alikaa pale na kikombe chake, machozi ya moshi bado yanamtoka, akaona. Akajiambia, "Alaa! Kumbe watoto wangu wanajua kuachiana. Ila mpaka mtu awe anaumwa."

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mambo yanapogeuka. Kule Mbugani kulikuwa na mila ya sitara. Mtu akiwa na dosari anayoificha, humwambii kwamba unaijua. Unamsitiri. Kama ni kiguru, unatembea naye polepole, unajifanya umechoka wewe. Kama hasikii vizuri, unajifanya wewe ndiye mwenye sauti kubwa. Ukimwambia, "Nasikia unaumwa," umemvua nguo sokoni, hatakusamehe mpaka anaingia kaburini. Kwa hiyo ukinong'onezwa dosari ya mtu, unaificha hukohuko kwako, wala humuulizi.

Bi Pimbi akainuka. "Chui, mwanangu, njoo uninyanyulie mtungi huu."

Wakatoka nje. Bi Pimbi akatazama huku, akatazama kule.

"Nikikwambia jambo utalisitiri?"

"Nitalisitiri, mama."

"Ndugu yako, macho."

"Macho yamefanyaje?"

"Ya mbali hayaoni. Kikapu akikitazama kutoka mbali anaona vikapu vitatu, hajui atupe kipi. Karibu haoni shida. Kuudunda mpira pia haoni shida, mkono wake umezoea. Lakini mbali, maskini, giza tupu."

Chui akautua mtungi. "Ndio maana anakosa?"

"Ndio maana."

"Mimi nilidhani ni kiburi, mama. Nikasema huyu anatupa ovyo kwa sifa." Masikio yakamlala. "Na Bwana Simba akijua?"

"Atamwondoa leo leo."

"Haondoki!" akasema Chui, na kucha zikamtoka zenyewe. "Niambie nifanyeje."

"Mwache yeye auchukue mpira kule nyuma aulete, watu wasishtuke. Wewe tangulia mbele umsubiri. Atakupa, na wa mbali upige wewe. Ukiona anakimbilia chini ya kikapu, mrudishie, afunge karibu, watu waseme bado mzima."

"Na wewe mama usimwambie kwamba najua."

"Mimi? Nimvunjie heshima ndugu yako?"

Chui akaingia ndani. Bi Pimbi akashusha pumzi, akazunguka nyuma ya nyumba, akamkuta Nyani anachana mkia wake.

"Nyani, mwanangu, nikikwambia jambo utalisitiri?"

"Sema, mama."

"Ndugu yako, mguu. Mwiba umemwingia kwenye wayo siku nyingi, hataki utolewe, hataki ujulikane. Akikimbia na mpira uwanja mzima anaumia mpaka kwenye moyo. Akisimama mahali akatupa, hapo hana shida."

Kitana kikamdondoka Nyani. "Kumbe! Ndio maana akiwa hana mpira anakaa chini?"

"Ndio maana."

"Nilimwita mvivu, mama." "Mbele za watu nilimwita mvivu. Na yeye anapumzisha mguu!"

"Hukujua, mwanangu."

"Basi mpira nitaubeba mimi. Nitaubeba mpaka pale aliposimama nimpe mkononi, asipige hata hatua. Nani atajua? Hakuna atakayejua."

Bi Pimbi akageuka haraka, akajifanya anaanua nguo, maana alikuwa karibu kulia. Amewadanganya watoto wake mwenyewe, na kwa kitu chenyewe ni sitara, kitu ambacho watu hawakifanyii mzaha. Lakini angefanyaje? Alijifuta uso kwa kanga, akachukua ndoo yake, wakaenda uwanjani.

Uwanja ulifurika. Timu ya Bondeni ikaingia, ardhi inatikisika. Nyati nahodha, nyuma yake Kiboko, nyuma yake Kifaru, na wengine vifua kama milango. Nyati akawaambia wenzake kwa sauti kubwa ili Mbugani wasikie, "Wale wachezeshaji wao msihangaike kuwakaba! Waacheni, watakabana wenyewe!"

"Kwa! Kwa! Kwa!" wakacheka Bondeni.

Priii! Firimbi.

Nyani akapata mpira kule nyuma. Chui akaja mbio. Mashabiki wa Mbugani wakafumba macho, wamekwisha zoea. Bi Pimbi juu ya ndoo akajing'ata mdomo.

"Endelea nao, ndugu yangu," akasema Chui kwa upole. "Endelea tu." Akampita, akaenda mbele kusubiri.

Nyani akashangaa mpaka karibu asahau kudunda. Kisha akamtazama mwenzake akikimbia, akaona kama anachechemea kidogo. Hakuwa anachechemea hata! Lakini mtu akishaambiwa, ataona. Du! du! du! Nyani akaubeba mpira mpaka pale alipo, akampa mkononi, taratibu, kama anampa yai.

Chui akatupa. Chwaaa!

"Eeeh!" uwanja ukashtuka.

Ikawa hivyo tena, na tena. Nyani analeta, Chui anatupa. Wakimkaba Chui, anaona Nyani amekimbilia chini ya kikapu, anamrudishia. Nyani anafunga karibu, na Chui anampigia makofi kuliko mashabiki, "Safi! Umekiona vizuri, ndugu yangu! Umekiona!" Nyani naye anajiuliza, huyu vipi, kikapu chote hiki nisikione? Lakini akafurahi, maana ilikuwa siku nyingi Chui hajampigia makofi. Twiga naye akapasiwa, akapasiwa tena, mpaka akamgeukia kocha akapiga kelele, "Bi Pimbi! Wananiona!"

Bondeni wakachanganyikiwa. Wamkabe nani? Wakimfuata huyu, mpira uko kwa yule. Nyati akaacha kucheka, akaanza kusukuma. Na kwa nguvu zao wale watu hawakuachwa mbali. Hatua kwa hatua wakarudi, wakafika, wakapita pointi moja, na refa akaitazama saa yake.

Mbugani wana mpira wa mwisho. Bi Pimbi yuko juu ya ndoo. Pembeni yake Bwana Simba amekaa, wala hamtazami kocha.

Nyani akataka kuuleta mpira. Wapi! Nyati na Kifaru wakamwangukia, huku kifua, huku kifua, hana pa kupita. Ikabidi amtupie Chui, naye Chui yuko nyuma kabisa. Chui akaudunda akaanza kukimbia, uwanja mzima uko mbele yake.

"Usikimbie!" akapiga kelele Nyani. Akili yake yote iko kwenye ule mwiba. "Ndugu yangu, usikimbie, nipe mimi!" Akajichomoa katikati ya Nyati na Kifaru, sijui alipitaje, akakimbia kumpokea.

Chui akamwona anakuja, lakini yuko mbali na kikapu. Mbali haoni! "Sogea karibu!" akajibu. "Karibu zaidi! Chini ya kikapu!"

Nyani akafika chini ya kikapu. Chui akampa. Lakini Nyani akamwona Chui anahema, akadhani ni maumivu, akamrudishia. "Funga wewe, upumzike!"

"Funga wewe, hapo unaona!" Chui akamrudishia.

"Wewe!"

"Wewe, bwana!"

Mpira unakwenda pa! pa! pa! Bondeni wote wanageuza shingo, huku, kule, huku, kule. Kiboko kizunguzungu kikamshika, akakaa chini, puuu! vumbi likatimka.

Kutoka juu sauti ikasikika. "Jamani, mkimaliza kubembelezana, mimi niko hapa!"

Alikuwa Twiga. Hana mtu aliyemkaba. Wote wawili wakamtazama, na Nyani akampandishia mpira. Twiga hakuruka hata. Aliinamisha kichwa kidogo, akanyoosha mkono, akauweka kikapuni kama mtu anavyoweka kofia kwenye msumari.

Chwaa! Priiii!

Nchi ikalipuka. Bi Pimbi akaanguka kutoka kwenye ndoo, akadakwa na Bwana Simba mwenyewe.

"Bi Pimbi," akasema Simba, "sina mtu wa kumrudisha kwao." Akamweka chini taratibu.

Bi Pimbi alitaka kwenda chumba cha wachezaji akawakumbatie. Akafika mlangoni, akachungulia, akaganda.

Nyani alikuwa amepiga magoti na beseni la maji ya moto na sindano. Chui amesimama mbele yake na majani ya dawa yaliyopondwa, yanadondoka maji.

"Najua sitakiwi kusema," anasema Nyani, "lakini siwezi tena, ndugu yangu. Umeumia vya kutosha. Lete huo mguu niutoe mwiba."

"Mwiba gani? Wewe hebu inua uso, nikutie dawa hii."

"Dawa ya nini?"

"Ya macho."

"Macho ya nani?"

"Mguu wa nani?"

Kisha vichwa viwili vikageuka mlangoni kwa pamoja.

"MAMA!"

Bi Pimbi alikwisha anza kurudi kinyumenyume kwa ncha za vidole. Akasimama.

"Umetudanganya," akasema Chui.

"Nimewadanganya."

"Kwa sitara, mama?" akasema Nyani. "Kwa sitara?"

"Kwa sitara, mwanangu, na Mungu anisamehe." Akaingia, akakaa kwenye sakafu, mdogo, kati ya majitu yale mawili. "Jana Bwana Simba aliniambia nimtaje mmoja wa kuondoka. Nikaahidi tukishindwa nitamtaja. Nikaenda chumbani nikafunga mlango, nikajaribu kulitamka jina, nione kama mdomo utaweza."

"Ulitamka la nani?" akauliza Chui polepole.

"Nilijaribu lako, halikutoka. Nikajaribu la mwenzako, halikutoka. Nikakaa tu nalia."

Chui akayatazama majani mkononi mwake. Akamtazama Nyani.

"Uliuacha mpira wa fainali kwa sababu ya mguu wangu?"

"Na wewe uliuacha kwa sababu ya macho yangu."

"Hata hayaumwi!"

"Hata mguu wako hauumwi, hebu uone ulivyo! Mzima kama jiwe!" Nyani alikuwa bado ameushika, na hakuuachia. Akachota maji kwa kiganja, akaumwagia.

"Nimekwambia hauna mwiba, we Nyani."

"Nimesikia. Maji yamekwisha pata moto. Lete na wa pili."

Chui akautoa wa pili. Na Bi Pimbi akashika kona ya kanga yake, akaanza kuwakausha.

Haya, inukeni mkalale, na funzo la kuondoka nalo ni hili: ukimwonea mwenzako huruma, kumwachia mpira si kazi ngumu.